Mwambie akuonyeshe kwa kidole



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya watoto wa shule ya msingi na hesabu za kugawanya. Mtuvumilie, hesabu zitangoja. Kuna jambo lililokuja mpaka mlangoni kwetu, na kwa sababu Exetat iko karibu, hilo haliwezi kungoja.

Siku ya pili jioni mama mmoja wa kikundi chetu, muuza unga wa mahindi hapa Katuba, alifika kwetu pamoja na binti yake. Mkononi alikuwa na kifuko cha plastiki, na ndani ya kifuko kulikuwa na fotokopi nyingi zilizoshonwa na uzi. Zilikuwa itemu za Kiingereza za miaka iliyopita, zile zinazouzwa kando ya barabara kila mwaka wakati huu, na mwishoni ukurasa mmoja wa majibu ulioandikwa kwa mkono.

"Mwalimu," mama akasema, "huyu mwanangu ni finalisti wa pedagogia. Hesabu anasema anaweza, Kifaransa anaweza. Kiingereza ndicho kinanikosesha usingizi. Umuangalie."

Binti hakungoja tumuulize. Alianza kutaja: kumi na mbili, c, kumi na tatu, a, kumi na nne, tena a. Alikuwa amekwisha kushika majibu ya kurasa nzima kama mtoto anavyoshika katekisimu. Mama akatabasamu.

Sisi tukafunika ukurasa wa majibu, tukamwomba asome habari moja kwa sauti. Alisoma vizuri, bila kukwama, kama mtangazaji wa redio. Mama akatabasamu zaidi. Kisha tukamwambia: "Haya, sasa weka karatasi chini. Utueleze kwa Kiswahili, ni habari ya nani, na imempata nini?"

Binti akatazama bati la nyumba. Akatazama miguu yake. Mwishoni akasema polepole: "Ni habari ya... shule."

Tunaandika hivi bila kumcheka. Mtoto huyu si mjinga, na si mvivu. Amefanya kile alichofundishwa kufanya. Tangu kalasi za chini amesoma Kiingereza kwa sauti pamoja na wenzake wengi katika chumba kimoja, mwalimu akisoma na wao wakirudilia. Kutamka anajua. Kusikia kile ambacho karatasi inasema, hakuna aliyemwomba hata siku moja. Sisi wenyewe, tulipokaa kwenye mbao zile zile, hatukuombwa. Na tunakiri kwamba miaka yetu ya kwanza ya kufundisha hatukuwaomba wanafunzi wetu pia.

Binti alipokwenda nje kumsalimu jirani, mama akashusha sauti. Alituambia kwamba watu fulani wanapita kwa wazazi wa wafinalisti wakikusanya franka, ili watoto "wasaidiwe" siku ya lugha. Majibu yatapita kwenye telefone. Zamu yake ya likelemba inafika mwisho wa mwezi. Je, atoe?

Tulimjibu pale pale, na tunawajibu ninyi wote mnaojiuliza swali hilo kimyakimya: hapana, mama. Telefone haikubaliwi katika chumba cha Exetat, na mtoto akikamatwa nayo anaweza kupoteza mtihani wote, wala si Kiingereza peke yake. Yule aliyechukua franka zako hatakuwa pale kumlilia. Na hata asipokamatwa, ni nani alikuhakikishia kwamba majibu hayo ni ya kweli? Mtarudi kuona jambo hili chini kidogo, kwa sababu lilitushangaza sisi pia.

Lakini kusema hapana ni rahisi kwa mwalimu. Mama alituuliza swali la pili, na hilo ndilo lililotukalisha kuandika. "Basi mimi nitamsaidia nini? Mimi niliachia masomo kalasi ya nne ya msingi. Kiingereza ninajua 'good morning' tu."

Tulimwambia kwamba anaweza. Hakuamini. Basi tukafanya naye palepale, na tunawaonyesha namna tulivyofanya.

Kwanza, kwa wamama ambao hawajawahi kuwa na finalisti nyumbani. Exetat, mtihani wa serikali ulioanza mwaka 1967, unafanyika siku nne katika kipindi cha kawaida, mbali na dissertation na mitihani mingine inayotangulia. Siku ya lugha ina Kifaransa na Kiingereza. Katika Kiingereza mtoto anapewa habari ya kusoma, kisha maswali. Haandiki jibu lake mwenyewe. Majibu yamekwisha kuandikwa chini ya kila swali, yeye anachagua moja. Ndiyo maana watu wanafikiri ni bahati nasibu. Wanasema, weka alama tu, moja itaanguka. Na ndiyo maana wengine wanashika herufi kwa kichwa, ingawa itemu za mwaka huu hazitakuwa zile za mwaka uliopita.

Ili kumpima binti kwa haki, tulimwandikia habari mpya ambayo hakupata kuiona. Ni hii. Mama asiyesoma Kiingereza asiogope, tafsiri inakuja. Mkate kipande hiki cha gazeti mkiweke:

"Every Friday an old man travelled to the city to attend the market. One morning he woke up with a pain in his leg, so he sent his daughter instead. She had hardly reached the bridge when the rain began. Although she waited until noon, it did not stop. A driver offered to carry her basket in his car, but she refused and walked home with it. When her father saw the basket still full, he laughed and said: At least we shall eat well tonight."

Binti alisoma. Tukamwomba aeleze kwa Kiswahili. Safari hii alijaribu kwa bidii, na alituambia hivi: kila siku ya tano mzee mmoja alikuwa anafanya kazi mjini akingojea soko. Siku moja aliamka na mkate mguuni.

Hapo mama yake, ambaye hajui Kiingereza, aliinua kichwa. "Mkate mguuni? Mkate gani huo?"

Wamama, swali lile lilikuwa somo zima. Mama alijua kwamba kosa limeingia, na alijua bila kujua neno hata moja la lugha ile. Alijua kwa sababu anajua habari. Anajua mtu haamki na mkate mguuni. Ninyi mmesikiliza habari maisha yenu yote, kwenye kisima, kwenye matanga, kwenye foleni ya hospitali, na habari isiyosimama mnaitambua mara moja. Hicho ndicho mtihani unachotafuta kwa mtoto.

Sasa, mkate ule ulitoka wapi? Ulitoka katika Kifaransa. Watoto wetu wanakutana na Kiingereza wakiwa wamekwisha kusoma Kifaransa miaka mingi, na neno linalofanana wanalichukua kama ndugu. "Pain" kwa Kifaransa ni mkate. Kwa Kiingereza ni maumivu. "Travel" wanasikia "travailler", kufanya kazi, kumbe ni kusafiri. "Attend" wanasikia "attendre", kungoja, kumbe ni kuhudhuria. "Car", ambalo kwa Kifaransa lina maana ya "kwa sababu", kwa Kiingereza ni motokari. Na kuna mengine ambayo hayamo katika habari hii lakini yanawaangusha kila mwaka: "library" si duka la vitabu, ni mahali pa kuazima na kusoma vitabu, "journey" si siku, ni safari, "actually" si sasa hivi, ni kwa kweli, "lecture" si kusoma, ni somo linalotolewa mbele ya watu. Tunamwomba kila finalisti awe na ukurasa mmoja wa kaye kwa ajili ya maneno haya ya uongo, na aongeze kila anapodanganywa na jipya. Ukurasa huo mtoto aujaze mwenyewe. Ukiununua umejazwa tayari hausaidii sana, maana neno lililokuaibisha mbele ya mama yako hulisahau tena. Binti wa mama huyu, "pain" hatalisahau mpaka kifo.

Tuliendelea. Mzee ana maumivu mguuni, anamtuma binti yake. Hapo binti alisema: "Msichana alifika darajani kwa nguvu." Tatizo lilikuwa "hardly". Aliona "hard", akafikiri ni nguvu. "Had hardly reached" ni kwamba ndipo tu alipofika darajani, mara mvua ikaanza. Maneno madogo kama haya yana kazi kubwa kuliko majina: "hardly", "until", "unless", "although", "instead", "few". Mtoto anaweza kutokujua neno "basket" na bado akaelewa habari. Akikosa "instead", hajui tena ni nani aliyekwenda.

Kisha tukafika kwa dereva. Binti alisema: "Dereva alitaka kubeba kikapu kwa motokari yake lakini akakataa."

Sisi tulinyamaza kwa makusudi, tukamtazama mama. Mama akauliza: "Akakataa nani? Dereva au msichana?"

Binti akasema, "Dereva."

"Iko wapi? Onyesha kwa kidole."

Binti akaweka kidole kwenye karatasi, akakisogeza neno kwa neno, akasimama kwenye "she". Akacheka, akafunika mdomo. Ni msichana aliyekataa.

Hapa Kiswahili chetu ndicho kilichomtega. Sisi tunasema "akakataa" kwa mwanamume na kwa mwanamke, na kwetu inatosha, maana tunaozungumza nao wanajua ni nani. Kiingereza kinataka useme "he" au "she", na katika mtihani tofauti hiyo ndogo inaweza kubeba swali zima. Lakini upande mwingine Kiswahili kina nguvu ambayo Kiingereza hakina. Sisi tukisema "haikukatika" tunajua ni mvua, tukisema "alirudi nacho" tunajua ni kikapu. Kiingereza kinasema "it" kwa vyote viwili. Ndiyo maana tunawaambia wamama: mtoto aeleze habari kwa Kiswahili kamili, asitupe maneno mojamoja. Ili aseme "haikukatika" au "nacho", ni lazima kwanza ajue "it" ni kitu gani. Kiswahili kinamlazimisha kuchagua. Mwalimu wa shule atakayesikia kwamba tunasifu Kiswahili katika somo la Kiingereza anaweza kutukasirikia, atukasirikie.

Basi kazi ya mama ni hii. Mtoto anasoma habari kimya, peke yake, mara moja mpaka mwisho bila kamusi na bila telefone. Asisome kwa sauti: sauti inamdanganya kwamba ameelewa. Kisha anakueleza kwa Kiswahili, nawe ukiendelea na kazi yako, ukisonga bukari au ukichagua maharagwe. Mahali ambapo habari haisimami, unamkatiza: huyo ni nani? alikuwa wapi? kwa nini alifanya hivyo? Na kila anapokujibu, unasema maneno yale yale: iko wapi, onyesha kwa kidole. Asipoweza kuonyesha, jibu limetoka kichwani mwake, halikutoka kwenye karatasi.

Maneno asiyoyajua ayaruke kwanza. Akimaliza habari, arudi kwayo na kukisia kwa kutazama maneno ya kando. Halafu tu afungue kamusi kuona kama amekisia vema. Tunajua kwamba telefone nyingi siku hizi zinatafsiri ukurasa mzima. Ni kitu kizuri kwa mfanyabiashara. Kwa finalisti ni sawa na kumbeba mgongoni mtoto anayejifunza kutembea.

Turudi kwa msichana na kikapu chake. Tulimuuliza binti: "Siku ile, nani alifika sokoni?" Akajibu mara moja: msichana. Mama naye akasema: msichana. Tukawaambia wote wawili waonyeshe kwa kidole.

Walitafuta pamoja, binti akitafsiri, mama akishika mstari na mwiko wake. Darajani, mvua. Saa sita, mvua bado. Dereva. Akarudi nyumbani. Kikapu bado kimejaa. Mama ndiye aliyesema kwanza: "Lakini hakufika! Hakuna aliyefika sokoni." Hayo hayakuandikwa mahali pamoja. Yanapatikana kwa kuunganisha mistari mitatu. Na tukauliza tena: ndani ya kikapu mlikuwa na nini? Habari haisemi. Lakini baba amecheka, amesema angalau usiku wa leo watakula vizuri. Basi mlikuwa na chakula. Mama muuza unga hakuhitaji kufikiri sana: "Mali isiyouzwa, watoto wanaila. Najua hiyo."

Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayotenganisha watoto katika mtihani, na hayana uhusiano na wingi wa maneno aliyoshika.

Sasa juu ya majibu ya kuchagua. Anayetunga maswali hatungi majibu ya uongo ovyo. Anajua mtoto atajikwaa wapi. Mara nyingi jibu moja la uongo linachukua maneno yale yale ya habari na kuyapanga vingine. Kwa habari yetu lingekuwa "The driver carried the basket in his car". Kila neno lake mtoto ameliona hapo juu, kwa hiyo anaona kama rafiki yake anamwita. Jibu la kweli huenda likaja limevaa nguo nyingine: "The girl did not accept the driver's help". Neno "accept" halimo, neno "help" halimo, lakini maana ndiyo hiyo. Kuna tena jibu ambalo ni kweli duniani lakini halimo katika habari, kwa mfano kwamba watoto wanapaswa kuwatii wazazi wao. Watoto wetu waliolelewa vizuri wanalipenda sana jibu hilo! Tumeona wasichana wenye adabu wakilichagua kila mara. Mwambie binti yako kwamba siku ile haulizwi kama ana adabu. Anaulizwa karatasi imesema nini.

Na atazame swali lenyewe kabla ya kukimbilia majibu. Swali likiwa na "not" au "except", linatafuta kile kisicho kweli. Apige mstari chini ya neno hilo na biki yake. Tumewapoteza watoto wengi kwa neno la herufi tatu.

Wengine mtasema: habari za Kiingereza tutazitoa wapi, vitabu havipo. Fotokopi za itemu si mbaya, mradi ukurasa wa majibu ukae kwa mama, chini ya godoro, mpaka kazi iishe. Na mji wetu wa Lubumbashi una bahati moja: mpaka wa Kasumbalesa hauko mbali, na bidhaa zinazotoka Zambia zinaingia nyumbani mwetu zimeandikwa Kiingereza ubavuni. Maziwa ya unga, sabuni, dawa ya kikohozi. Kijana mmoja wa jirani alisoma kwenye chupa ya dawa "Keep out of reach of children" akatuambia kwamba wanawakataza watoto wa matajiri, kwa sababu alisikia "riche" ya Kifaransa. Maana yake ni kwamba dawa iwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia. Basi kila chupa mpya na kila boksi jipya linaloingia nyumbani, mpe finalisti akueleze. Hapo na wewe unapata faida yako, maana kipimo cha dawa ya mtoto mchanga si kitu cha kukisia.

Neno moja juu ya wakati, na tunalisema kwa wamama wenye mabinti zaidi kuliko wenye wavulana. Mara nyingi mvulana finalisti akirudi nyumbani anaambiwa, "nenda ukasome". Msichana finalisti akirudi anapewa ndoo, kisha mbabula, kisha mtoto wa kubeba, na anapokaa na kaye yake umeme umekatika na macho yamefunga. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana hawawezi. Hatuwaombi wamama kufanya kazi zote peke yao, tunajua mizigo yenu, na sisi tuna nyumba zetu. Tunaomba nusu saa, wakati jua lingali, kila siku mpaka mtihani. Nusu saa inatosha habari moja na maswali yake. Wavulana wana mikono, ndoo haichagui.

Mama wa unga aliondoka kwetu usiku ule na habari yetu ya kikapu kwenye karatasi, na ahadi kwamba watafanya habari moja kila jioni kutoka fotokopi zake. Siku ya tano alirudi peke yake, haraka, hata hakukaa. Alifungua fotokopi mahali palipokunjwa. Ilikuwa habari ya mwanafunzi aliyechelewa shule. Swali: kwa nini alichelewa? Ukurasa wa majibu ulisema b, yaani alikuwa mgonjwa.

"Nilimuuliza, mgonjwa ni nani, onyesha kwa kidole," mama akasema. "Akaweka kidole, akaniambia, mama, mgonjwa si yeye, ni mdogo wake. Nikamwambia, wewe unajua kuliko karatasi? Basi mwalimu, utazame."

Tulitazama. Habari ilisema wazi "his brother was ill". Mwanafunzi alichelewa kwa sababu alimpeleka mdogo wake kituo cha afya. Binti alikuwa na haki, na ukurasa wa majibu, ule aliokuwa ameushika wote kwa kichwa, ulikuwa umekosa. Tukatazama mengine pamoja na kukuta mawili zaidi ya namna hiyo katika kurasa tano.

Mama alisimama kidogo na karatasi mkononi. "Kumbe niliuza unga siku mbili ili nipate herufi mbaya," akasema. "Na hawa wa telefone, herufi zao nani amezitazama?"

Hatukumuuliza tena juu ya franka za likelemba, ni zake. Lakini siku ya posho tulipopita sokoni tulimkuta amekaa nyuma ya meza yake, anapima unga kwa kopo, na binti yuko chini kwenye kiti kidogo na kaye juu ya magoti, anamweleza jambo. Mteja alikuwa anangoja. Mama alikuwa ameinua kopo juu, halijamiminwa, anasema: "Ngoja kwanza. Nani alimwambia nani?"

Kwa hiyo, kuanzia juma hili, wafinalisti wote wa wamama wa chama, wasichana na wavulana, wanakaribishwa katika chumba cha chama kila siku ya posho saa tisa ya mchana. Hakuna kulipa. Kila mtoto alete kaye, biki, na fotokopi alizo nazo, bila ukurasa wa majibu. Na aje na mama yake, au shangazi, au nyanya, yeyote wa nyumbani atakayekuwa anamsikiliza jioni. Asiyejua Kiingereza ndiye tunayemtaka zaidi. Wale wanaotaka kuwamwagia watoto wao poda nyeupe kichwani siku ya matokeo, waanze kwa kuwaletea kiti.

Hesabu za kugawanya ni juma lijalo, safari hii ni kweli.